Ng'ombe aliyetungwa maabara: Afya yake ya baadaye hutegemea nini?

KILA alfajiri, matatu za Barabara ya Kangundo zinapoanza kubeba abiria kuelekea katikati ya jiji la Nairobi, mitungi ya maziwa nayo huwa njiani. Sehemu kubwa ya maziwa yanayonywewa katika mitaa ya Eastlands hutoka nje ya jiji. Hata hivyo, kiasi fulani hukamuliwa papo hapo: nyuma ya kuta za mawe huko Ruai, Njiru na Mihango, na katika mabanda ya mabati kwenye vichochoro vya Kayole na Dandora, ambako ng'ombe wawili au watatu husimama mwaka mzima bila kuona malisho.

Mwenye banda kama hilo hana ardhi ya kuongeza mifugo, wala hana nafasi ya kufuga fahali katikati ya nyumba za kupangisha. Akitaka maziwa zaidi, hana budi kutafuta mnyama bora badala ya wanyama wengi. Hapo ndipo sayansi ya uzazi huingia. Kwa miaka mingi mfugaji huyo ametegemea mhudumu anayefika kwa pikipiki akiwa na mtungi wa mbegu zilizogandishwa. Sasa anasikia habari za hatua nyingine, yaani kununua mtamba aliyetokana na yai lililorutubishwa katika maabara.

Bei ya mtamba wa aina hiyo ni kubwa, na kwa familia nyingi za Eastlands fedha za kumnunua ni za mkopo wa chama au akiba ya karo. Kwa sababu hiyo, mnunuzi ana haki ya kuuliza swali ambalo wanasayansi wenyewe wamekuwa wakiuliza kwa zaidi ya miaka 25: Je, mnyama aliyeanza maisha yake katika kisahani cha maabara huwa na afya njema anapofikisha miaka mitano, saba au tisa?

Njia nne zisizofanana

Kosa la kwanza ambalo wengi hufanya ni kuziweka njia zote za uzazi wa kusaidiwa katika kapu moja. Njia hizo ziko nne, na tofauti zake ndizo msingi wa jibu.

Ya kwanza ni uhimilishaji. Mbegu za fahali huhifadhiwa katika mirija midogo ndani ya naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Mhudumu huiyeyusha na kuiingiza katika mji wa uzazi wa ng'ombe aliye kwenye joto. Yai hurutubishwa ndani ya mwili wa mama kama ilivyo kawaida, na kiinitete hakitoki nje hata kidogo.

Ya pili ni uhamishaji wa viinitete. Ng'ombe bora hudungwa homoni ili atoe mayai mengi kwa mpigo, kisha huhimilishwa. Baada ya siku saba hivi, viinitete husafishwa kutoka tumboni mwake na kupandikizwa kwa ng'ombe wengine wanaombebea mimba.

Ya tatu ni utungaji wa mimba katika maabara. Mayai ambayo hayajakomaa hutolewa kwa sindano, yakakomazwa, yakarutubishwa na kukuzwa katika kisahani chenye maji ya virutubisho kwa takriban juma moja kabla ya kupandikizwa. Ndama wa kwanza duniani kupatikana hivyo alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka wa 1981, miaka mitatu baada ya Louise Brown, binadamu wa kwanza aliyetungwa kwa njia hiyo, kuzaliwa nchini Uingereza.

Ya nne ni kunakili mnyama, ambapo kiini cha seli ya mwili huwekwa katika yai lililoondolewa kiini chake. Hii ndiyo iliyomleta kondoo Dolly mwaka wa 1996.

Nchini Kenya, uhimilishaji una historia ndefu. Ulianza katika miaka ya 1930, na mwaka wa 1946 kikaanzishwa kituo cha Kabete, ambacho leo ni Kituo cha Kitaifa cha Rasilimali za Kijenetiki za Mifugo, yaani KAGRC. Serikali ilipopunguza huduma zake katika miaka ya 1990, kazi hiyo iliachiwa wahudumu wa kibinafsi. Karibu kila ng'ombe wa gredi anayeonekana katika mabanda ya Eastlands ana uhimilishaji katika ukoo wake.

Njia nyingine tatu bado ni za wachache kutokana na gharama. Hata hivyo, si ngeni jijini. Mwaka wa 2016 zilitolewa habari za Tumaini, ndama dume wa aina ya Boran aliyenakiliwa katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, jijini Nairobi, kwa ushirikiano na Taasisi ya Roslin ya Scotland, ile ile iliyomzalisha Dolly. Lengo la mbali lilikuwa kupata ng'ombe wanaostahimili ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o.

Wasiwasi ulianzia wapi?

Afya inayozungumziwa hapa ni ile ya umetaboli, yaani jinsi mwili unavyogeuza chakula kuwa nguvu, mafuta, nyama na maziwa. Kwa binadamu, mwili unaposhindwa kazi hiyo matokeo yake ni kisukari, unene wa kupindukia na shinikizo la damu. Kwa ng'ombe wa maziwa, matokeo ni kukonda baada ya kuzaa, maziwa kupungua, ugumba na hata kifo.

Katika miaka ya 1990, maabara za Ulaya na Marekani ziligundua jambo la kutisha. Baadhi ya ndama na wana-kondoo waliotungwa maabara walizaliwa wakiwa wakubwa mno, wengine kufikia mara mbili ya uzito wa kawaida. Walikuwa na ulimi mnene, ngiri ya kitovu, na viungo vya ndani vilivyokua kupita kiasi. Wengi walikufa mapema, na mama zao waliteseka katika kuzaa. Hali hiyo ilipewa jina la ugonjwa wa watoto wakubwa.

Chanzo hakikuwa kasoro katika jeni zenyewe. Ndani ya kila seli, jeni ni kama taa za nyumba kubwa: zote zimo, lakini si zote zinazowashwa. Kuna alama za kikemikali zinazoamua ni ipi iwake na ipi izimwe, na nyingi ya alama hizo hupangwa upya katika siku za mwanzo kabisa za kiinitete. Siku hizo zikipita katika kisahani chenye virutubisho visivyofaa, baadhi ya swichi huachwa mahali pasipostahili.

Mwaka wa 2001 watafiti walionyesha kwamba wana-kondoo wakubwa kupita kiasi walikuwa na upungufu wa kazi ya jeni inayoitwa IGF2R, ambayo huzuia ukuaji usipite mpaka. Breki ilikuwa imelegea. Ilibainika pia kuwa majimaji ya damu yaliyotumiwa kulisha viinitete katika maabara yalichangia tatizo hilo. Maabara nyingi ziliyaacha na kutengeneza virutubisho vingine, na visa vya ndama wakubwa vikapungua, ingawa havikuisha.

Utafiti wa miaka ya karibuni kutoka Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, umeongeza jambo ambalo mfugaji anapaswa kulijua. Hali hiyo hiyo imeonekana pia kwa ndama ambao mimba zao zilitungwa kwa uhimilishaji wa kawaida, bila kupita katika kisahani chochote. Kwa hivyo maabara huongeza hatari, lakini si chanzo pekee.

Dada zake Dolly

Swali la wale wanaopona utotoni na kufikia utu uzima lilibaki wazi kwa muda mrefu. Dolly alipata ugonjwa wa viungo akiwa na umri mdogo, na mwaka wa 2003, akiwa na miaka sita, aliuawa kwa huruma baada ya kupatikana na uvimbe mapafuni. Watu wengi walihitimisha kwamba wanyama wa maabara huzeeka upesi. Ukweli ni kwamba uvimbe ule ulisababishwa na virusi vinavyowapata kondoo wa kawaida pia, na mnyama mmoja hawezi kuwa ushahidi wa jamii nzima.

Jibu bora zaidi lilitolewa mwaka wa 2016 na kundi la watafiti lililoongozwa na Kevin Sinclair wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza. Walichunguza kondoo 13 walionakiliwa, wenye umri wa kati ya miaka saba na tisa, ambao kwa kondoo ni uzee. Wanne kati yao, Debbie, Denise, Dianna na Daisy, walitokana na seli za aina ile ile iliyomtoa Dolly.

Kondoo hao walipimwa kama mgonjwa anavyopimwa hospitalini. Walitiwa sukari katika mshipa na damu ikapimwa mara kwa mara ili kuona mwili unaiondoa kwa kasi gani. Insulini yao ilichunguzwa, shinikizo la damu likapimwa, na viungo vikapigwa picha. Hakuna aliyekuwa na kisukari. Shinikizo lilikuwa la kawaida. Wachache walionyesha dalili za ugonjwa wa viungo, lakini kwa wengi zilikuwa ndogo, za kiasi ambacho kondoo mzee yeyote angeweza kuwa nacho.

Matokeo hayo yana uzito kwa sababu kunakili ndiyo njia inayovuruga kiinitete kuliko zote nne. Ikiwa walionusurika katika njia hiyo wanaweza kuzeeka wakiwa wazima, basi hofu kwamba kila mnyama wa maabara ana maradhi yaliyojificha haina msingi. Lakini tahadhari inahitajika. Waliopimwa ni wale waliofika uzeeni. Viinitete vingi vinavyonakiliwa hufa tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa. Hatari kubwa iko mwanzoni mwa maisha.

Kuhusu ng'ombe wa maziwa, ushahidi ni mchanganyiko. Utafiti wa Florida, Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2017, ulilinganisha ng'ombe waliotungwa maabara na waliotokana na uhimilishaji. Wale ambao mbegu yao iliyeyushwa kwanza, ikachambuliwa ili kupata majike, kisha ikatumiwa katika maabara, walitoa maziwa machache zaidi katika uzao wao wa kwanza. Waliotungwa maabara kwa mbegu ya kawaida hawakuonyesha upungufu kama huo. Hivyo, si maabara kwa jumla iliyoacha alama, bali jinsi mbegu na kiinitete vilivyoshughulikiwa.

Lishe ya mama kabla ya mimba

Sinclair huyo huyo, miaka tisa kabla ya kuwapima dada zake Dolly, alikuwa ameshiriki katika utafiti mwingine ambao kwa mfugaji wa Eastlands huenda ndio muhimu kuliko yote.

Mwaka wa 2007 kundi lake lilitangaza matokeo ya jaribio la kondoo walionyimwa vitu vichache tu katika chakula kabla ya kupandishwa na siku chache baadaye. Walipunguziwa madini ya kobalti na salfa, hivyo miili yao ikapungukiwa na vitamini B12, foleti na methionini. Kondoo hao hawakuonekana wagonjwa. Viinitete vyao vilitolewa vikiwa na siku sita na kupandikizwa kwa kondoo waliolishwa vizuri, waliobeba mimba hadi mwisho.

Watoto walizaliwa na uzito wa kawaida. Lakini walipokuwa wakubwa walikuwa wazito na wenye mafuta zaidi, insulini haikufanya kazi ipasavyo miilini mwao, na shinikizo lao la damu lilikuwa juu. Madhara yalikuwa makali zaidi kwa madume. Siku hizo chache za upungufu zilikuwa zimeandikwa katika seli zao, na lishe nzuri ya miezi yote iliyofuata haikuzifuta.

Maana yake ni kwamba kisahani cha maabara na tumbo la mama aliyelishwa vibaya vinaweza kuacha makovu yanayofanana. Mfugaji anayeogopa ndama wa maabara, lakini anampandisha ng'ombe aliyekonda na ambaye hajaramba chumvi ya madini kwa miezi mingi, anakimbia hatari ndogo huku akiifuga iliyo kubwa zaidi bandani mwake.

Hali ya banda la Eastlands

Lishe ndilo tatizo kuu la ufugaji wa mjini. Nyasi hununuliwa kwa mafungu yanayoletwa kwa mkokoteni au gari, na msimu wa kiangazi bei hupanda. Pengo huzibwa kwa mabaki: majani ya kabichi na maganda ya ndizi kutoka sokoni, machicha ya pombe, ugali na mkate uliolala kutoka mikahawani. Huko Dandora, mbuzi na nguruwe huonekana wakijitafutia katika jaa kuu la taka la jiji.

Mabaki ya soko si sumu yakiwa safi na yakitolewa kwa kiasi. Lakini ng'ombe ni mnyama wa nyasi. Tumbo lake kuu lina viumbe vidogo vinavyosaga nyuzi za majani polepole. Akipewa ugali au mkate mwingi kwa ghafla, viumbe hao huzalisha tindikali kupita kiasi. Ng'ombe huacha kula, huharisha, kwato huuma, na mafuta katika maziwa hupungua.

Kwa upande mwingine, ng'ombe mwenye asili ya maziwa mengi akizaa huku chakula kikiwa haba, huanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake ili maziwa yasikatike. Ini hulemewa, naye hukonda na kudhoofu. Tena kuna homa ya maziwa, ambayo licha ya jina lake si homa: madini ya kalisi hupungua ghafla katika damu baada ya kuzaa, ng'ombe akaanguka asiweze kuinuka, na akikosa daktari wa mifugo mapema hufa.

Maradhi haya yote ni ya umetaboli, na humpata mnyama bila kujali alitungwa vipi. Isitoshe, kadiri uwezo wake wa kutoa maziwa unavyokuwa mkubwa, ndivyo chakula duni kinavyomuumiza upesi. Mtamba wa bei ghali kutoka maabara akifungwa katika banda la maganda na mkate ataugua kabla ya ng'ombe wa kienyeji aliyezoea shida.

Mnunuzi aulize nini?

Jambo la kwanza ni hati. Mnunuzi aulize mnyama alitungwa kwa njia ipi kati ya zile nne, fahali wake ni nani, alizaliwa na uzito gani, na kama kuzaliwa kwake kulihitaji upasuaji au kuvutwa. Kenya Stud Book huhifadhi kumbukumbu za koo za mifugo walioandikishwa, lakini ng'ombe wengi wa mabandani mjini hubadilisha mikono kwa neno la mdomo tu. Bila kumbukumbu, mnunuzi hawezi kujua anachonunua, na watafiti nao hawawezi kufuatilia iwapo wanyama hao wanazeeka vyema katika mazingira ya Afrika Mashariki, ambayo si yale ya Florida wala Nottingham.

Pili ni ukubwa wa ndama. Kwa ng'ombe aliyebeba kiinitete cha maabara, ni busara kuandika tarehe ya kupandikizwa, kuhesabu takriban siku 280, na kumwarifu daktari wa mifugo mapema. Ndama aliyezidi ukubwa huweza kumuua mama katika banda lisilo na nafasi ya hata watu wawili kusaidia.

Tatu ni lishe kabla ya mimba. Jiwe la chumvi lenye madini, yakiwemo kobalti, na nyasi za kutosha katika majuma kabla ya kupandisha, ni kinga ya gharama ndogo ikilinganishwa na bei ya mtamba. Mkate na ugali vipunguzwe, na kila badiliko la chakula lifanywe kidogo kidogo.

Nne ni sheria. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini mwaka wa 2015, inayotambua ufugaji jijini kwa masharti. Mfugaji ajiulize kama banda lake linayatimiza kabla ya kuwekeza fedha nyingi ndani yake.

Na mnywaji maziwa je?

Wakazi wasiofuga wana swali lao: je, maziwa au nyama ya mnyama wa aina hii ni salama? Kwanza, kutunga mimba katika maabara si sawa na kubadilisha jeni. Yai ni la ng'ombe, mbegu ni ya fahali, na hakuna kinachoongezwa katika jeni zao. Pili, mnamo Januari 2008, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, baada ya uchunguzi wa miaka kadhaa, ilisema kuwa nyama na maziwa ya ng'ombe, nguruwe na mbuzi walionakiliwa ni salama sawa na ya wanyama wa kawaida.

Mteja wa maziwa ya kupimiwa kutoka mtungini ana jambo jingine la kuangalia, nalo ni usafi wa mtungi na kama maziwa yatachemshwa kabla ya kunywewa. Maziwa mabichi huweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa bruseli na kifua kikuu cha ng'ombe, na vijidudu hivyo havichagui mnyama kwa jinsi alivyotungwa.

Kwa mfugaji wa Ruai au Kayole anayepiga hesabu ya mkopo, ushahidi uliopo unaruhusu uamuzi ulio wazi. Uhimilishaji wa kawaida haumtoi kiinitete tumboni, na ndiyo njia ya bei nafuu ya kuboresha ukoo. Mtamba wa maabara anaweza kuwa mnyama mzima hadi uzeeni, mradi awe na hati zake na amevuka utoto bila matatizo. Lakini yeyote atakayeletwa bandani, afya yake ya miaka ijayo, pamoja na ya ndama atakayembeba, itaanza na kile kitakachowekwa katika hori.